UZI: Namba 9 wa raga, kazi yake tangu pasi ya kwanza mpaka kutundika daluga

Mgosi wa Chumbageni

Wakuu, heshima kwenu.

Mpwa wangu ana miaka 14, anakaa Makorora. Mwezi uliopita alikwenda kwenye majaribio ya timu moja ya vijana hapa mjini. Alirudi magharibi, akavua viatu mlangoni, akapitiliza chumbani, chakula hakugusa. Mama yake akanipigia simu. Kumbe kocha amemwambia mguu anao, akili anayo, kimo ndicho hana, arudi akishakua. Nikamwita barazani nikamwambia: mjomba, upo mchezo wa watu 15 kila upande, na katika hao 15 ipo nafasi moja ambayo watu wa kimo chako ndio walioitawala miaka yote.

Ni namba 9 wa raga. Nimeicheza nafasi hiyo miaka sita, nilipokuwa nasoma Nairobi na baadaye nikifanya kazi kule. Sikulipwa hata senti, lakini mpaka leo Jumamosi nikitoka bandarini nakaa mbele ya runinga kuifuatilia. Nataka niieleze kama kazi ya mtu: anaianzaje, inamlisha vipi, inamuumiza wapi, anaiacha lini. Ni uzi mrefu, kaeni mkao wa kula.

Kwanza shughuli yenyewe. Raga ina mafowadi wanane, namba 1 hadi 8, wenye miili mikubwa, wanaosukumana kwenye skramu, yaani pande mbili zimeinama na kushikana mabega, na kugombea mpira chini. Kisha mabeki saba, 9 hadi 15, ambao ndio wakimbiaji. Namba 9 anaishi katikati ya makundi hayo mawili. Mwenye mpira akiangushwa, watu wanamiminika juu yake, hapo panaitwa raki, na mpira unachomoza nyuma, miguuni mwao. Namba 9 lazima awe ameshafika. Anainama, na papo hapo anaamua: kulia, kushoto, apige teke la juu nyuma ya raki ili wenzake wakalikimbilie, au ajipenyeze mwenyewe. Refa akishamwambia atumie mpira, ana sekunde 5. Siku yenye shughuli nzito anaweza kutoa pasi 80 na zaidi ndani ya dakika 80.

Sasa niwaeleze pasi yenyewe, maana ajira yote ya namba 9 imefungwa humo.

Mguu wa nyuma unatua jirani na mpira. Wa mbele unafunguka kuelekea kule unakotaka kupeleka. Magoti yanakunjwa, mikono inashuka hadi kwenye majani. Kosa la kila anayejifunza ni kuuinua mpira mpaka kiunoni halafu ndipo aupeleke. Hapo umeshampa adui nafasi ya kupiga hatua mbili, na namba 10 wako atapokea mpira pamoja na bega la mtu. Mpira unafagiwa kutoka palepale ulipo. Mkono wa nyuma unasukuma, wa mbele unaongoza, na vidole vinaishia vimemnyooshea mpokeaji. Ukitoka vizuri unazunguka kama pia, haupepesuki hata kukiwa na upepo, na unamfikia mwenzako mita 10 au 15 mbali, mbele kidogo ya kifua chake, akiwa mbioni, asipunguze hata hatua.

Mpira wa raga nimeutafuta madukani hapa Tanga sikuupata. Tulichofanya, tulichukua makumbi ya nazi moja kubwa iliyofuliwa, tukayarudisha kama yalivyokuwa, tukajaza matambara ndani, tukafunga kwa kamba ya katani mzunguko kwa mzunguko hadi likawa na umbo la yai. Mpira wenyewe una gramu 410 hadi 460 na urefu wa sentimita 28 hadi 30. Letu ni fupi kidogo, lakini uzito tulikwenda kuuhakikisha kwenye mzani wa duka na haukuwa mbali. Siku za bamvua, maji yakikupwa sana, tunashuka pwani upande wa Sahare, mchanga ukiwa bado umeshikana. Namwekea kumbi chini, narudi nyuma hatua kumi. Pasi hamsini kulia, hamsini kushoto. Siku ya kwanza nilikuwa naokota tu, moja imefika miguuni, nyingine imekwenda majini.

Nilimwandikia kwenye daftari vimo vya watu, ili akae navyo chumbani. Antoine Dupont wa Ufaransa, sentimita 174. Faf de Klerk wa Afrika Kusini, 172. Aaron Smith wa New Zealand, 171. Hao watatu wametwaa karibu kila kitu kinachotwaliwa.

Na hakuna aliyeanzia pakubwa. Dupont amekulia Castelnau-Magnoac, kijiji cha kusini magharibi mwa Ufaransa ambako familia yake ina hoteli. Alianza na timu ya hapo kijijini, akapelekwa Auch, na mwaka 2014, akiwa na miaka 17, akaingia Castres kwenye ligi kuu. Mwaka 2017 akahamia Toulouse, na mwaka huohuo akavaa jezi ya taifa. 2021 akawa mchezaji bora wa dunia. Aaron Smith alikuwa anajifunza kazi ya kinyozi. Ukipita Ngamiani leo ukamwona kijana ameshika mashine ya kunyolea, ndiyo kazi aliyokuwa nayo mtu ambaye baadaye aliichezea New Zealand mechi 125. Na yupo wa kwetu kabisa: George Gregan amezaliwa Lusaka, mwaka 1973, mama yake Mzimbabwe. Alikulia Australia, akaichezea mechi 139 na kutwaa Kombe la Dunia 1999. Mwaka 1994 kule Sydney, Jeff Wilson wa New Zealand alikuwa ameshajirusha kufunga, Gregan akamgonga akiwa hewani, mpira ukamtoka mkononi, Australia wakashinda. Mtu mdogo alifanya hivyo dakika za mwisho, na watu wanaionyesha picha ile hadi leo.

Nipumzike kidogo, maswali yaje. Majeraha na mwisho wa kazi nitavifikia.

Baharia wa Zamani

Mwanangu mleta uzi, umenirudisha mbali. Mimi ni mzee sasa niko Raskazone, lakini Juni 1995 meli yetu ilikuwa Durban. Nusu fainali ya Kombe la Dunia la raga, Afrika Kusini na Ufaransa, ilichezwa palepale mjini, na siku ile ilinyesha mvua ambayo hata sisi wa baharini tuliiheshimu. Mechi ikachelewa. Wakaingizwa akina mama na mafagio uwanjani kusukuma maji. Tulikuwa kwenye nyumba ya mabaharia, Wafilipino, Wahindi, sisi Waswahili wawili, sote macho kwenye runinga, sheria hatuzijui. Wenyeji walipata 19, Wafaransa 15.

Fainali tuliitazama hapohapo wiki iliyofuata. Lile pande la mtu la New Zealand, Lomu, lilikuwa linakanyaga watu mashindano mazima. Sasa akatokea mmoja wa Afrika Kusini akamshika akamweka chini. Wenyeji waliokuwa nasi chumbani walilia. Niliambiwa ndiye namba 9. Lakini huyo alikuwa mrefu, si kama hao wako. Alikuwa nani, na yuko wapi?

Mgosi wa Chumbageni

Shikamoo mzee wangu.

Huyo ni Joost van der Westhuizen. Kweli alikuwa mrefu kuliko kawaida ya namba 9. Lomu alikuwa na kilo karibu 120. Fainali ile ilikwenda muda wa nyongeza, ikaisha 15 kwa 12, na bao la ushindi ni teke la Joel Stransky. Watu wote wanamkumbuka Stransky. Mimi kila nikiiona namwangalia Joost: ilikuwa skramu, akautoa mpira chini, ukamfikia Stransky palepale alipoutaka, bila kumfanya anyooshe mkono. Ungechelewa kidogo, ungekwenda juu ya bega, teke lile lisingepigwa.

Mechi ile ni ya tarehe 24 Juni. Agosti mwaka uleule raga ikafunguliwa, wachezaji wakaruhusiwa kulipwa rasmi. Kabla ya hapo mtu alicheza kwa mapenzi, akafanya kazi nyingine ya kumlisha. Gareth Edwards wa Wales, mtoto wa mchimba makaa ya mawe, aliichezea nchi yake mechi 53 mfululizo bila kukosa hata moja, kuanzia 1967 hadi 1978. Wengi wanaamini hajatokea namba 9 kama yeye, nami ni mmoja wao. Hakulipwa kwa kucheza. Joost ndiye wa kizazi kilichovuka: alitwaa kombe kama wa ridhaa, akamalizia kama mwajiriwa. Mechi 89, trai 38 (trai ni kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani), akawa pia nahodha.

Mzee, jibu la swali lako la mwisho ni zito. Mwaka 2011 alikutwa na ugonjwa wa mishipa ya fahamu inayoendesha misuli. Misuli ilimwishia, akakaa kwenye kiti cha magurudumu, sauti ikapotea. Alianzisha taasisi ya kuwasaidia wengine wenye ugonjwa huo, akawa anajitokeza mbele ya watu katika hali ile. Alifariki tarehe 6 Februari 2017, akiwa na miaka 45.

Baharia wa Zamani

Marahaba. Inna lillahi. Mikono ile iliyomshika Lomu. Nashukuru umeniambia.

Kijana wa Usagara

Kaka mimi niko kidato cha nne. Naomba uzungumzie mkwanja. Namba 9 wa kulipwa anaishi kama mchezaji wa mpira wa miguu?

Mgosi wa Chumbageni

Hapana mdogo wangu, na nikikudanganya nitakukosea. Ligi ya Ufaransa, inayoitwa Top 14, ndiyo yenye fedha kuliko zote za raga, na kule klabu imewekewa ukomo wa mishahara: karibu euro milioni 10.7 kwa kikosi kizima, msimu mzima. Gawanya kwa kikosi cha watu thelathini na ushee. Mtu anaishi vizuri, anajenga, anasomesha, lakini si fedha za kina Mbappé.

Tena namba 9 ana tatizo lake. Siku ya mechi timu inahitaji mmoja aanze na mmoja akae benchi, basi. Winga akikosa nafasi atacheza katikati, fowadi atahamia kwingine. Namba 9 akipitwa na mwenzake anakaa benchi akisubiri dakika ishirini za mwisho, msimu baada ya msimu. Kuna wakati hata benchi hapati: fainali ya Kombe la Dunia 2023, Afrika Kusini waliweka mafowadi saba na beki mmoja tu wa akiba, na beki huyo hakuwa namba 9. De Klerk akabeba dakika zote 80 mwenyewe. Angeumia, ingebidi winga akasimame nyuma ya raki kwenye fainali. Walishinda 12 kwa 11.

Ndiyo maana wengi wakifika miaka 30 na kitu wanakwenda Japani. Kule kuna klabu za makampuni makubwa zinazolipa vizuri, na msimu wake si mrefu kama wa Ulaya. De Klerk alikwenda Yokohama 2022. Aaron Smith alikwenda baada ya Kombe la Dunia 2023. Gregan alimalizia Ufaransa na Japani, lakini alikuwa ameshafungua biashara ya migahawa ya kahawa tangu anacheza. Hilo la Gregan liandike pembeni. Miaka ya kulipwa ni kumi, kumi na miwili ukijaliwa.

Dada wa Barabara ya 12

Kaka habari za jioni. Nimesoma yote. Nina binti wa miaka 12, mfupi, mbio anazo, na mdomo wake haufungwi, shuleni wananiita kila muhula kwa sababu ya kusema. Mchezo huu wanawake wapo, au nisimpe mtoto matumaini?

Mgosi wa Chumbageni

Dada yangu, njema. Wapo, na huo mdomo ndio niliousahau pale juu, umenikumbusha jambo kubwa.

Namba 9 ni mtu wa kusema. Mafowadi wameinama, wamefunikwa na miili, hawaoni mbele. Anayewaelekeza ni yeye: wewe ingia, wewe subiri, sukumeni, upande wa pili uko wazi. Watu wa kilo 120 wanaamrishwa na mtu wa kilo 80 na wanamtii, kwa sababu yeye ndiye anayeona. Nilipokuwa nacheza, sauti ilikuwa inanikauka kabla ya miguu kuchoka. Nikifika kazini Jumatatu naongea kwa kunong'ona. Mtoto aliyezoea kukaa kimya inakuchukua mwaka mzima kumfundisha hilo, mpwa wangu ndiko anakosumbuka sasa hivi. Binti yako ameshavuka hapo.

Kendra Cocksedge wa New Zealand alikuwa mchezaji bora wa dunia 2015, na mwaka 2018 akawa mwanamke wa kwanza kupewa tuzo ya mchezaji bora wa mwaka wa nchi nzima ya New Zealand, tuzo ambayo wanaume walikuwa wanaitwaa peke yao. Alimaliza kazi yake 2022 kwa kutwaa Kombe la Dunia nyumbani, Auckland.

Na kuna Natasha Hunt wa Uingereza, ambaye kisa chake kinanigusa zaidi. Alishatwaa kombe 2014. Ulipofika wakati wa lile la 2022 akaachwa nje ya kikosi. Wengi huishia hapo. Yeye alirudi kwenye klabu yake, akacheza mpaka wakashindwa kumwacha tena. Septemba 2025 alianza fainali pale Twickenham mbele ya watu 81,885, wakaifunga Kanada 33 kwa 13. Mwonyeshe binti fainali ile, ipo mtandaoni. Mwambie asiuangalie mpira, amwangalie Hunt peke yake dakika kumi.

Mkweli wa Pongwe

Mgosi, unaandika vizuri lakini niseme ukweli. Uwanjani Mkwakwani hakuna raga. Shule hazina raga. Mpira wenyewe umesema haupatikani madukani. Unampandisha mtoto jahazi lisilo na tanga. Si heri umpeleke ufundi?

Mgosi wa Chumbageni

Ndugu yangu, hoja yako nimeilalia usiku mzima ndipo nikajibu.

Shuleni anaendelea, na ufundi umeme ataanza akimaliza kidato cha nne, tumeshakubaliana na mama yake. Hilo halina mjadala. Raga ni jioni tatu kwa wiki.

Kuhusu njia: hapa nchini raga inachezwa zaidi Arusha na Dar. Jirani zetu Kenya wana ligi ya miaka mingi, na timu yao ya watu saba ilitwaa mashindano ya Singapore Aprili 2016 kwa kuifunga Fiji 30 kwa 7, Fiji ambao ndio wafalme wa mchezo huo. Zimbabwe wamefuzu Kombe la Dunia 2027 baada ya kuifunga Namibia 30 kwa 28 pale Kampala, Julai 2025, na nahodha wao Hilton Mudariki ni namba 9. Mara ya mwisho Zimbabwe kucheza Kombe la Dunia ilikuwa 1991. Kwa hiyo Mwafrika kufika yuko njiani, na nahodha aliyewafikisha anacheza nafasi hii ninayoiandikia.

Raga ya watu saba ndiyo ninayoifikiria kwa Tanga. Inahitaji watu saba tu, dakika saba kila kipindi, na imo kwenye Olimpiki. Dupont mwenyewe aliacha mashindano makubwa ya Ulaya ya 2024 akaenda kujifunza hiyo ya saba. Fiji walikuwa hawajawahi kupoteza mechi hata moja ya Olimpiki. Kwenye fainali ya Paris Dupont aliingia kipindi cha pili, akampasia mwenzake akafunga, kisha akafunga mbili mwenyewe, Ufaransa wakashinda 28 kwa 7.

Mpwa wangu anaweza asifike kokote, najua. Lakini kijana aliyekuwa hali chakula sasa anashuka pwani kabla yangu.

Mtoto wa Kange

Mkuu, pale Kenya kuna namba 9 anaitwa Brian Tanga, wa klabu ya Kabras. Nilidhani ni utani nilipoliona jina, nikajua lazima lije kwenye uzi huu.

Mgosi wa Chumbageni

Nimecheka mwenyewe ofisini. Mpwa nimeshamwambia, ameliandika kwenye jalada la daftari.

Sasa nirudi kwenye majeraha kama nilivyoahidi.

Namba 9 anainama siku nzima, kichwa kiko kwenye usawa wa magoti na mabega ya watu. Dupont, Septemba 2023, Kombe la Dunia la nyumbani kwao, mechi ya Namibia pale Marseille, aligongwa kichwa kwa kichwa, mfupa wa shavu ukavunjika. Akafanyiwa upasuaji. Siku 24 baadaye alikuwa uwanjani robo fainali dhidi ya Afrika Kusini, amevaa kofia laini ya kukinga kichwa. Wakafungwa 29 kwa 28. Machi 2025 kule Dublin mtu alimwangukia mguuni, kano ya goti ikakatika, akakosa miezi na miezi. Huyo ndiye mwenye madaktari bora kuliko wote.

Langu halina daktari. Nilikuwa na miaka 25. Klabu niliyokuwa nayo siitaji. Kipindi cha kwanza goti la fowadi lilinipata hapa juu ya sikio la kulia. Nakumbuka majani yalivyonukia, basi. Nilimwagiwa maji, kocha akaniuliza niko sawa, nikasema niko sawa, akanirudisha ndani. Nimecheza kipindi cha pili chote. Wenzangu wanasema nilitoa pasi nzuri. Kwenye basi nikamuuliza jirani yangu mechi inaanza saa ngapi. Alidhani nafanya mzaha. Nikamuuliza tena.

Wiki tatu nilikuwa sivumilii mwanga wa taa ya chumbani. Karibu niharibu kazi, tarakimu zilikuwa zinacheza kwenye karatasi. Na sikumlaumu kocha wakati ule, nilijiona shujaa. Sasa ninaye mtoto wa mtu mikononi, nikikumbuka napata baridi.

Siku hizi kwenye raga ya kulipwa, anayeshukiwa kutikisika ubongo anatolewa dakika 12 akapimwe, na akikutwa nao harudi. Hata sheria ya mwaka 2025 inamkinga namba 9 zaidi asivamiwe mpira ukiwa bado kwenye raki au skramu. Huku pwani hatuna wa kupima, kwa hiyo sheria yangu ni nyepesi: ukigongwa kichwa, siku imeisha. Hakuna kuulizwa kama uko sawa. Na kuangushana hatujaanza kabisa, tunagusana kwa mikono miwili tu mpaka nijiridhishe na shingo zao.

Niliacha nikiwa na 26. Nilicheza miezi michache baada ya lile goti lakini nilikuwa nasita. Namba 9 anayesita anaonekana. Mafowadi wako wanaanza kugeuka nyuma kukuangalia.

Wakubwa nao wanaachaje? Chukua Aaron Smith. Fainali ya 2023, Paris, umri 34, mechi yake ya mwisho ya taifa na anajua ni ya mwisho. Timu yake iko pungufu kwa mtu mmoja kwa sababu nahodha ametolewa kwa kadi nyekundu. Kipindi cha pili anafunga trai. Anashangilia. Kisha refa anaitwa kwenye skrini: nyuma, kabla ya yote, mpira ulikuwa umemponyoka mwenzake kwenda mbele. Trai ikafutwa. Wakapoteza kwa pointi moja. Mtu amekaa kwenye kazi tangu 2012, na bao la kuagana nalo likaondolewa kwa kosa ambalo mikono yake haikulifanya. Nimeirudia mara nyingi. Ninachoangalia ni uso wake pale refa anaponyoosha mkono: anageuka, anarudi nyuma ya mafowadi wake, ameshaanza kuwapanga.

Kijana wa Usagara

Kaka hiyo ya kwenye basi imenikaa. Naweza kuja pwani? Mimi si mfupi lakini.

Mgosi wa Chumbageni

Njoo. Joost naye hakuwa mfupi. Mwambie mzazi wako kwanza, anipigie mwenyewe. Jumapili hii maji yatakuwa yamekupwa vizuri kuanzia saa nne asubuhi. Njoo na maji ya kunywa na fulana ya mikono mirefu, jua la pale halina kivuli.

Dada wa Barabara ya 12

Kaka, binti ametengeneza kumbi lake. Kamba alimwomba babu yake. Anarusha uani, mkono wa kulia linafika mpaka kwenye tangi la maji, mita nane hivi nimehesabu kwa hatua. Akigeukia upande mwingine linaanguka katikati na halizunguki kabisa. Ana hasira nalo. Nimwambieje?

Mgosi wa Chumbageni

Dada, upande huo ndio unaowasumbua wote, mimi ulinichukua miaka miwili.

Mwambie aache kutupia mbali. Apige goti moja chini, goti la upande anakopeleka, ili miguu isimsaidie. Akae hatua tatu tu kutoka ukutani. Kumbi liwe chini mbele yake. Mkono wa kushoto ndio usukume, kidole kidogo cha kushoto kiwe cha mwisho kuliachia. Likianza kuzunguka mara ishirini mfululizo, arudi nyuma hatua moja. Asiongeze nguvu, aongeze hatua. Akifika hatua sita nipigie, nije kumwona kabla hajaanza kuinuka kwenye goti.